Ndege za kivita za mbao, gundi na kitambaa

Katika Ukumbi wa Miaka ya Mwanzo wa Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, mjini Dayton, jimbo la Ohio, kuna chombo ambacho ukiambiwa ni chanja cha kuanikia samaki utaamini upesi kuliko ukiambiwa ni ndege ya kivita. Ni mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa vijiti vya mbao na waya zilizokazwa huku na huku. Hakina bodi, hakina kioo, hakina hata magurudumu. Rubani na mwenzake waliketi bega kwa bega kwenye ukingo wa bawa la chini, miguu ikining'inia.

Hiki ndicho kinachohesabiwa kuwa mfano wa ndege ya kwanza ya kijeshi duniani, ile ambayo ndugu wawili wa Dayton, Wilbur na Orville Wright, waliiuzia serikali ya Marekani mwaka 1909. Ndege yenyewe hasa iko Washington, katika hazina ya Smithsonian. Hii ya Dayton iliundwa na mafundi wa makumbusho mwaka 1955. Lakini usiipite haraka. Injini yake ilitolewa na Orville Wright mwenyewe, na minyororo, gia na rafadha zilitolewa na warithi wake.

Minyororo hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Iko miwili, inatoka kwenye injini moja kwenda kwenye rafadha mbili zilizo nyuma ya mabawa. Kimsingi ni minyororo ya namna ileile ya baiskeli, maana ndugu Wright walikuwa mafundi baiskeli wenye karakana yao mjini humo. Mmoja unakwenda moja kwa moja. Mwingine umekatishwa katikati mfano wa tarakimu ya nane, ukapitishwa ndani ya mabomba ya chuma usije ukapigapiga. Kwa kuukatisha hivyo, rafadha moja inazunguka kulia na nyingine kushoto, ndege isijipinde upande mmoja. Hakuna gia ya ajabu wala hesabu ya kutisha. Ni ujanja wa mtu aliyekwisha kutengeneza baiskeli za watu wengi na kuzijua tabia za mnyororo.

Kumbi za namna hii hupambwa kwa majina ya marubani, na marubani wanastahili. Hata hivyo, ukizunguka ukasoma vizuri, utaona kwamba historia ya mwanzo ya ndege za kivita ni historia ya mafundi kwanza: maseremala, washonaji, wachomeleaji, watu wa mafuta na spana. Jeshi lenyewe kwa muda mrefu halikujua limenunua nini.

Na halikutaka kununua. Mwaka 1898, Marekani ilipokuwa ikipigana na Hispania, Wizara ya Vita ilimpa mwanasayansi mashuhuri Samuel Langley dola 50,000 atengeneze mashine ya kuruka yenye kubeba mtu. Langley alikuwa mkuu wa Smithsonian, mtu wa vitabu na heshima zake. Oktoba 7, 1903 chombo chake kilirushwa kutoka juu ya jahazi katika mto Potomac kikaenda moja kwa moja majini. Desemba 8 kikarushwa tena, kikavunjika na kuzama. Magazeti yalicheka, wabunge wakauliza pesa za umma zimekwenda wapi. Siku tisa tu baadaye, Desemba 17, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills jimboni North Carolina, Orville aliruka kwa sekunde 12, na kabla ya adhuhuri kupita sana Wilbur alikuwa amekaa angani sekunde 59 na kwenda meta 260. Hapakuwa na pesa ya serikali hata senti moja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndugu hao walipoiandikia serikali mwaka 1905, wakati tayari wanaruka nusu saa na zaidi katika malisho ya ng'ombe ya Huffman Prairie nje ya Dayton, walijibiwa kwa barua ya kawaida ya ofisi inayosema serikali haigharimii majaribio. Hawakuwa wameomba kugharimiwa majaribio, walikuwa wanauza. Oktoba 5 mwaka huo Wilbur aliruka dakika 39 na kukata karibu kilomita 39 akizunguka uwanja uleule. Leo Huffman Prairie imo ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson, ambako makumbusho yenyewe yapo, na ni jambo la kufurahisha kidogo kwamba jeshi limekuja kuizungushia ua ile nyasi ambayo halikutaka kwenda kuitazama.

Mambo yaligeuka mwaka 1907. Kikosi cha Ishara, yaani watu wa bendera, simu ya upepo na maputo, kilianzisha kitengo cha anga mwezi Agosti, na Desemba 23 kikatangaza zabuni. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasoma na mazito kuyatimiza: mashine ichukue watu wawili, iende kilomita 64 kwa saa, ikae angani saa nzima, itue bila kuharibika, iweze kufunguliwa na kupakiwa kwenye gari la farasi la jeshi, kisha iunganishwe tena kwa muda wa saa moja hivi. Magazeti yaliikejeli zabuni hiyo kwamba inatafuta kisichokuwepo duniani. Maombi 41 yalipelekwa. Ndugu Wright waliomba dola 25,000.

Ziangalie tena hizo sifa. Hakuna bunduki, hakuna bomu. Watu wa Ishara walitaka jicho la juu, la kupeleleza adui yuko nyuma ya kilima gani na kurudi kusema. Ndege iliingia jeshini kama mpelelezi, mwenye kubeba habari.

Septemba 1908 Orville alikwenda Fort Myer, ng'ambo ya mto kutoka Washington, kuonyesha bidhaa yake. Siku za mwanzo alikaa angani zaidi ya saa nzima na umati ukafurika. Septemba 17 alipanda na Luteni Thomas Selfridge, kijana wa miaka 26 aliyeteuliwa na jeshi kuwa miongoni mwa wakaguzi. Wakiwa angani rafadha moja ilipasuka, ikatikisika, ikagonga waya ya usukani wa nyuma. Ndege ikaangukia pua. Orville alivunjika mguu na mbavu. Selfridge alipasuka fuvu na kufariki jioni ileile, akawa mtu wa kwanza kuuawa na ajali ya ndege yenye injini. Dada wa ndugu Wright, Katharine, aliacha kazi yake ya ualimu Dayton akaenda kumuuguza kaka yake kwa wiki kadhaa hospitalini, na bila yeye sijui kama mwaka uliofuata kungekuwa na Orville wa kurudi Fort Myer.

Alirudi. Julai 27, 1909 alimpakia Luteni Frank Lahm wakakaa angani saa 1 na dakika 12 na ziada. Julai 30 akamchukua Luteni Benjamin Foulois, aliyechaguliwa pia kwa wembamba wake, wakaruka hadi Alexandria na kurudi, kilomita 16, kwa mwendo wa kidogo zaidi ya kilomita 68 kwa saa. Kwa kuwa mkataba ulitoa nyongeza kwa kila maili iliyozidi, jeshi lililipa dola 30,000. Agosti 2 ndege ikapokewa rasmi, ikaandikwa nambari 1.

Sasa jeshi lina ndege moja na haliijui. Wilbur alimfundisha Lahm na Luteni Frederic Humphreys huko College Park, Maryland, nao wakaruka peke yao Oktoba 26. Siku kumi baadaye wakaivunja. Kisha wote wawili wakarudishwa kwenye vikosi vyao, na ndege ikabaki mikononi mwa Foulois, ambaye alikuwa bado hajamaliza mafunzo na hajatua peke yake hata mara moja. Wakubwa wakampeleka Texas, Fort Sam Houston, pamoja na makreti ya ndege na amri ya kushangaza: chukua vipuri vya kutosha, ujifunze mwenyewe kuruka.

Machi 2, 1910 Foulois alipaa peke yake kwa mara ya kwanza, akatua kwa mara ya kwanza, na kabla siku haijaisha akaivunja kwa mara ya kwanza. Alipokwama aliwaandikia ndugu Wright barua, nao wakamjibu kwa posta namna ya kupinda na namna ya kushuka. Nadhani ndiye rubani wa kwanza wa kijeshi aliyesoma kwa njia ya barua. Matengenezo alitengewa dola 150, zikaisha, akaingia mfukoni mwake. Aliporushwarushwa kitini na upepo wa Texas hadi akakaribia kudondoka, alikwenda kwa watengeneza matandiko ya farasi akapata mkanda wa ngozi, akajifunga. Mkanda huo ndio babu wa mikanda tunayoamriwa kufunga kila tupandapo ndege. Baadaye yeye na fundi wake wa kiraia, Oliver Simmons, waliifunga ndege magurudumu badala ya mateleo yake ya mbao, ili iachane na reli na mnara wa uzito unaoanguka ambao ilihitaji ili kupaa. Mmoja wa askari wake wa matengenezo, Koplo Vernon Burge, mwaka 1912 alikuja kuwa askari wa kwanza asiye ofisa kupata urubani katika jeshi hilo.

Hapo ndipo nataka kumtaja Charlie Taylor, ambaye jina lake halijulikani nusu ya majina ya ndugu Wright. Alikuwa fundi mitambo katika karakana yao ya baiskeli. Mwaka 1902 mwishoni, walipokosa kiwanda cha kuwauzia injini nyepesi, Taylor aliiunda kwa wiki sita hivi, kwa mashine ya kukereza, mashine ya kutobolea na michoro ya kwenye vikaratasi. Bloku yake ilikuwa ya aluminiamu ya kumimina, injini ikitoa nguvu ya farasi 12. Bila injini ile pasingekuwa na sekunde 12. Alikuwepo Fort Myer mwaka 1908 pia. Aliishi hadi 1956, na uzeeni alikutwa katika wodi ya hisani ya wasiojiweza huko Los Angeles, mpaka watu wa sekta ya ndege wakachanga kumhamisha. Mafundi ndege wa Marekani siku hizi huadhimisha siku yake ya kuzaliwa, Mei 24. Bora kuchelewa.

Ndege ilipata ngumi kabla jeshi la Marekani halijapata hata kikosi kamili cha ndege, na ngumi hiyo ilitupwa Afrika. Mwaka 1911 Italia ilivamia Libya, iliyokuwa chini ya Waturuki, na ikabeba ndege chache. Oktoba 23 Kapteni Carlo Piazza aliruka na ndege ya Blériot kuchungulia mistari ya Waturuki karibu na Tripoli, safari ya kwanza ya upelelezi vitani kwa ndege. Hilo lilikuwa jicho, kama Wamarekani walivyotaka. Novemba 1 Luteni Giulio Gavotti alipaa akiwa na mabomu madogo manne, kila moja la kilo 2 hivi. Alikuwa peke yake. Kwa mkono mmoja alishika usukani, kwa mwingine akatia fataki na kuyaangusha juu ya kambi za Ain Zara na Tagiura. Madhara yalikuwa kidogo, lakini mlango ulikwisha kufunguka. Makumbusho ya Marekani husimulia ya Marekani, si ajabu. Ila msomaji wa bara hili atembee ukumbini akikumbuka kwamba watu wa kwanza kuangushiwa bomu kutoka kwenye ndege walikuwa katika mashamba na makambi ya pwani ya Libya.

Wamarekani walifuata polepole. Juni 1912 huko College Park, Kapteni Charles Chandler alifyatua bunduki ya rashasha aina ya Lewis kutoka kwenye ndege ya Wright akilenga shuka lililotandikwa chini. Ndege ya aina hiyo, aina ya B, imo Dayton, iliyofanyiwa marekebisho, na iliruka mara ya mwisho mwaka 1924. Lakini ndege za injini nyuma zilikuwa zinawaua marubani kwa kasi. Zikianguka, injini inamfuata rubani mgongoni. Februari 1914 jeshi likazipiga marufuku zote.

Kutoka hapo ukumbi unaingia zama za Curtiss Jenny, ndege ya mafunzo iliyofundisha maelfu. Ndugu zake wakubwa, Curtiss JN-3 nane, ndio walioonja vita halisi vya kwanza vya Marekani vyenye ndege. Machi 1916 Pancho Villa, mwanamapinduzi wa Mexico, aliuvamia mji wa Columbus, New Mexico, na Jenerali John Pershing akatumwa Mexico kumsaka. Foulois, sasa kapteni na kamanda, alikwenda na ndege hizo. Injini zao za nguvu ya farasi 90 hazikuweza kupanda juu ya milima. Vumbi liliingia kila tundu. Lakini kilichowatesa zaidi ni rafadha: mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka, zikikaushwa na hewa kavu ya jangwani, zilipasuka zenyewe. Ikabidi kila ndege ikitua rafadha ifunguliwe na kuwekwa ndani ya sanduku lenye unyevu, kama kitu cha kulishwa. Kufikia Aprili 20 zilikuwa zimebaki ndege mbili tu zinazofaa, na Villa hakukamatwa.

Mwaka mmoja kabla, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeonyesha mateso hayohayo kwa upande wa pili, wa joto na unyevu. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, Septemba 20, 1914, kisha ikaingia kujificha katika delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza zisingeweza kuifuata kwenye vijito vile, na kutoka baharini mikoko iliifunika. Milingoti yake ikafungwa matawi. Ilihitajika jicho la juu, maana ileile ya zabuni ya 1907.

Waingereza walimkodi rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, mwenye ndege ya Curtiss ya kutua majini, wakamweka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Joto lilikuwa likiishinda rejeta ya injini yake. Suluhisho lilipatikana Mombasa: ilichukuliwa rejeta ya gari la Ford, ikaletwa kwa manowari, ikafungwa kwenye ndege. Kwa rejeta hiyo ya gari, mwezi Novemba 1914, Cutler aliiona Königsberg mtoni. Desemba 10 injini ikamharibikia, akatua ndani ya delta, Wajerumani wakamkamata.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith za jeshi la majini la Uingereza. Gundi ikalegea kwa joto, rafadha zikafumuka, na zikipewa bomu na mafuta ya kutosha hazikuweza kunyanyuka kwenye maji. Zikafuata ndege za Short, zilizo afadhali kidogo. Mwishowe uwanja ulifyekwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari, zikaletwa ndege za magurudumu aina ya Farman na Caudron, na kutoka Malta zikavutwa manowari mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, zenye uwezo wa kuingia mtoni.

Walioshambulia hawakuiona meli waliyoipiga, na hapo ndipo ndege ilipofanya kazi yake. Mpelelezi angani alitazama kombora linapoangukia, kisha akapiga simu ya upepo kwa herufi chache: limepita, limepungua, kushoto, kulia. Mpiga mzinga chini alirekebisha, akapiga tena. Julai 6, 1915 walijaribu siku nzima wakashindwa. Julai 11 ndege ya Luteni John Cull na mpelelezi wake Harwood Arnold iliipatia Severn shabaha, ikapigwa na risasi za Wajerumani, injini ikafa. Huku wanashuka, Arnold aliendelea kupiga simu ya masahihisho. Walitua mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, Cull akiwa bado amefungwa na mkanda wake ndani ya maji, lakini wote wawili waliokolewa. Königsberg ikalipuliwa na wenyewe. Mizinga yake kumi ya sentimeta 10.5 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kuundiwa magurudumu, ikaendelea kupiga nchi kavu. Mmoja unaweza kuutazama leo Fort Jesus, Mombasa. Za ndege hazikubaki ila picha, na sishangai: mbao, gundi na kitambaa haviwezi kushindana na chumvi na mchwa.

Kuna jingine la vita hivyo ambalo lingefaa jumba la makumbusho la kwake peke yake. Novemba 1917 Wajerumani walituma chombo cha anga cha gesi, L59, kutoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na tani 15 za dawa, risasi na vipuri kwa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, huku kusini. Hakikukusudiwa kurudi. Kikifika kingevuliwa nguo: kitambaa chake kishonwe mahema na mavazi. Kilifika karibu na Khartoum kikaamriwa kugeuka, na kikatua Bulgaria baada ya saa 95 angani, kilomita 6,757 bila kituo.

Turudi Dayton, kwenye upande wa vita vya Ulaya, ambako watoto hukimbilia. Kuna SPAD XIII iliyopakwa rangi za Eddie Rickenbacker, dereva wa magari ya mashindano aliyeangusha ndege na maputo 26 ya adui. Kuna Nieuport 28, kuna Sopwith Camel iliyoundwa na watu wa makumbusho wenyewe mwaka 1974 kwa kufuata michoro ya asili, kuna Fokker ya mabawa matatu ambayo nayo ni nakala. Nieuport na SPAD ni ndege za Wafaransa, na Wamarekani walipigana kwa hizo hasa. Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 640 kwa ndege mwezi Julai 1917, pesa ambazo Langley asingeziota, lakini viwanda vya magari havikugeuka viwanda vya ndege kwa amri. Iliyotoka kwa wingi ni DH-4, mchoro wa Kiingereza na injini ya Kimarekani ya Liberty.

Mgeni asimame kwenye injini za duara za Camel na Nieuport. Injini nzima, silinda zote, ilizunguka pamoja na rafadha, na grisi yake ilikuwa mafuta ya nyonyo. Hayakurudi kwenye tangi, yalirushwa nje, yakamwagikia uso wa rubani. Bibi zetu waliotunywesha nyonyo wanajua kilichofuata. Marubani walijua pia, na vicheko vya kambini juu ya jambo hilo havikuandikwa kwenye vibao vya ukumbi.

Kitambaa cha mabawa kilishonwa na kubandikwa viwandani, kwa sehemu kubwa na wanawake, kisha kikapakwa aina ya vanishi iliyokikaza hadi kikalia kama kibao. Bawa la Nieuport 28 likishuka kwa kasi sana lilivuka kitambaa chake cha juu, na rubani akabaki na mbavu za mbao. Ila vanishi yenyewe iliua pia walio chini. Huko Uingereza, kabla haijabadilishwa, mvuke wake uliharibu maini ya wafanyakazi, macho na ngozi vikageuka manjano, na baadhi yao wakafa. Hawa hawakupewa nishani. Wakati ujao mtu akikuonyesha ndege ya 1915, uliza nani alipaka.

Juu ya hayo yote limening'inizwa puto la Caquot, linaloaminika kuwa pekee lililobaki duniani la aina yake, japokuwa hili liliundwa Uingereza mwaka 1944. Wachunguzi wa kwenye maputo walipewa parachuti, maana puto la haidrojeni likipigwa risasi moja ya moto limekwisha. Marubani wa ndege wa Marekani walipigana vita vyote bila parachuti. Sababu zilitajwa nyingi, uzito, nafasi, na minong'ono kwamba mwenye parachuti ataruka mapema. Mimi naziona zote kuwa dhaifu, maana Wajerumani walianza kuwapa wao mwaka 1918.

Mwisho, kitafute kitu kidogo ambacho wengi hukipita: mdudu wa Kettering. Ni bomu lenye mabawa la mwaka 1918, upana wa meta 4.5 hivi, mwili wa mbao nyembamba na karatasi iliyogandishwa, injini ya nguvu ya farasi 40, uzito wa kilo 240 ambazo 82 ni baruti. Aliyeliunda ni Charles Kettering, wa hapohapo Dayton, Orville Wright akiwa mshauri, na lilikadiriwa kugharimu dola 400. Halikuwa na rubani. Kabla ya kulirusha walipima umbali, upepo na mwelekeo, wakakokotoa injini itazunguka mara ngapi kufika, wakaiweka hesabu hiyo kwenye kihesabio. Mizunguko ikitimia, kijino kinaanguka, injini inazimwa, misumari ya mabawa inavutwa ndani, mabawa yanatoka, na mwili uliobaki unaanguka kama bomu. Yasiyofika 50 yaliundwa kabla ya vita kwisha, na hakuna lililopelekwa vitani.

Majaribio yake hayakuwa ya fahari. Oktoba 1918 moja liliikataa njia, likazunguka juu ya Dayton mbele ya wakubwa, kisha likaelekea mashambani likaanguka karibu na Xenia. Maofisa walilifukuza kwa magari. Inasimuliwa kwamba walipofika waliwakuta wakulima wanahangaika kumtafuta rubani kwenye mabaki. Siri ya jeshi haiwezi kuambiwa mkulima, hivyo wakamsukuma mbele mmoja wao aliyekuwa amevaa koti la ngozi la urubani: huyu hapa, aliruka na parachuti. Wakulima wakaridhika. Hawakujua kwamba mwaka ule rubani wa Marekani hakuwa na parachuti.